Hisa za Mbuzi Watatu

Nakumbuka siku moja ya soko mjini Kitui, mwanangu Mumbua, enzi ambazo nywele zangu zilikuwa bado nyeusi na mdomo wangu ulikuwa mkali kuliko sasa. Usicheke. Najua unasema moyoni kwamba ukali wenyewe haujapungua. Nilikuwa nimeketi mbele ya kompyuta katika duka la intaneti nilikofanya kazi, nje kelele za wauza ndengu na wauza kuku, na Kioko akaingia na suruali yake yenye vumbi la Ikutha. Hakumsalimia mtu. Alipangusa kiti kwa kiganja, akaketi, akaniuliza, "Zimefika ngapi leo?" Nikamwambia. Tukatazamana, tukacheka mpaka mwenye duka akataka kujua kama tumeshinda bahati nasibu.

Nakusimulia habari za siku hiyo kwa sababu ya swali lako la Jumapili. Ulinifuata jikoni baada ya ibada, ukanionyesha kwenye simu ile kampuni ya ng'ambo inayotengeneza akili za kompyuta, jinsi hisa zake zilivyoumuka mwaka mzima kama unga uliotiwa hamira, kisha zikaanza kushuka, zikashuka tena, na sasa kila asubuhi ukifungua simu ni rangi nyekundu tupu. Kazini wenzako wamegawanyika. Wapo wanaosema uza upesi kabla hujabaki na maganda, na wapo wanaosema shikilia, anayeuza wakati wa hofu ndiye hulia baadaye. Ukaniuliza, "Mama mkubwa, niuze ama nishikilie?" Nami nikajifanya nashughulika na chai. Chai ilikuwa imeiva kitambo. Nilikuwa natafuta pa kuanzia.

Umekuja kwangu kwa kuwa unasikia nyumbani kwamba Mwende anaelewa mambo ya hisa. Ni kweli. Katika ukoo wetu mimi nilizijua hisa kabla wengine hawajajua hata neno lenyewe. Lakini hakuna aliyekuambia nilizijuaje, maana jina la Kioko halitajwi ovyo mbele yangu, na mama yako ni mtu wa kunihurumia. Basi leo nitalitaja mwenyewe.

Kioko alikuwa mtu wa Makueni, fundi wa pampu za visima. Kampuni yake ilimpeleka kila mahali palipokuwa na kisima kilichokataa kutoa maji, na kwetu huku, wajua mwenyewe, visima vinavyokataa ni vingi. Ikutha ndiko alikokaa zaidi. Hakuwa mwongeaji. Angeweza kukaa nami alasiri nzima akasema maneno machache tu, na jioni nikaenda nyumbani nikihisi tumezungumza sana. Mikono yake ilinuka grisi hata akiiosha kwa sabuni mara ngapi, na mpaka leo nikipita karibu na gereji, miguu yangu hupunguza mwendo bila kuniomba ruhusa.

Alikuwa ameweka akiba ya ntheo. Ninyi vijana siku hizi mnaanzia kwenye kamati ya harusi na rangi za mavazi, mkifika kwenye ntheo mmeshachoka, kwa hiyo acha nikukumbushe. Kwetu Wakamba, mwanamke huwa mke kwa mbuzi watatu. Majike wawili na dume moja, wanaletwa kwa baba yake, dume linachinjwa, watu wanakula, yamekwisha. Mahari mengine yanaweza kuletwa polepole hata miaka thelathini, na wako wazee waliokufa hawajamaliza. Lakini wale watatu wasipoletwa, hata ukimzalia mtu watoto saba, kwa mila wewe bado ni binti wa kwenu uliyekwenda kutembea.

Pesa za wale mbuzi zilikuwa tayari. Mimi ndiye niliyesema tuziweke kwenye hisa.

Nilikuwa nimesomea kompyuta Nairobi na nilirudi Kitui nikiona mbele kuliko wenzangu, au ndivyo nilivyojiona. Kulikuwa na kampuni changa ya mawasiliano, jina lake halina haja, iliyokuwa ikiunganisha simu na kompyuta kwa namna ambayo haikuwa imeonekana hapa. Hisa zake zilikuwa zimefunguliwa kwa watu wote. Nikamwambia Kioko kwamba mbuzi hufa kwa kiangazi, lakini hisa hazili nyasi. Nilijipenda sana kwa msemo huo. Naye, masikini, aliupenda pia, akatoa zile pesa zote na nyingine juu yake.

Hisa zikapanda. Zilipanda kwa namna ambayo ningekuwa na akili ningeogopa. Hapo ndipo tulipoanza kuona mbuzi watatu ni wachache. Kwa nini Kioko aje kwetu Migwani na mbuzi watatu kama babu yake, wakati akingoja kidogo anaweza kuleta kila kitu kwa siku moja? Tukapanga: mbuzi wote wa mahari, asali, blanketi za shangazi, tangi la maji la mama yangu, kisha harusi ya kanisani yenye kwaya mbili. Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa, na mambo ya mbuzi hayakumvutia sana, lakini alipoambiwa habari ya kwaya mbili alitabasamu. Kijiji kizima kilijua kwamba fundi wa Mwende anaandaa jambo ambalo Migwani haijaliona.

Siku ile ya soko tuliyocheka, bei ilikuwa juu kuliko siku zote. Mwezi uliofuata mitambo ya kampuni ikaharibika na wateja wakakaa siku kadhaa bila huduma. Magazeti yakaandika. Bei ikaanguka. Haijatulia vizuri, kampuni nyingine kubwa ikatangaza kuja na huduma ile ile. Ikaanguka tena. Halafu mkuu wake akajiuzulu bila kusema sababu, na hapo watu wakauza kama wanaokimbia nyumba inayoungua.

Kioko alikuja dukani akaketi pale pale. Alinisikiliza nikimsomea habari zote, kisha akasema, "Mwende, tuuze kidogo. Za mbuzi tatu tu. Zingine tuache."

Mwanangu, sikiliza vizuri hapo, maana maisha yangu yote yalipitia katika maneno hayo. Hakusema tuuze zote. Hakuwa mwoga. Alisema za mbuzi watatu tu, na nyingine zibaki zikijitafutia. Nikamkatalia. Nilimweleza kama mwalimu anayemweleza mtoto mgumu. Asiyeuza hajapata hasara. Mitambo hutengenezwa, wateja wa kampuni wanaongezeka, madeni yake ni madogo, na yule mkuu aliyeondoka alikuwa mtu mmoja tu kati ya wengi wenye akili. Tukiuza sasa tutakuwa tumewapa wengine faida yetu kwa bei ya maharage. Akaniuliza kama nina hakika. Nikasema ninayo. Akaitikia kwa kichwa, akarudi Ikutha.

Na nilikuwa sahihi. Hilo utaliona mbele. Kila nilichosema juu ya kampuni ile kilitimia, na nikikumbuka hivyo moyo hunichoma zaidi kuliko kama ningekuwa nimekosea.

Aliyenikemea alikuwa Susu, nyanya yangu mzaa baba. Wewe hukumwona. Alikaa nasi Migwani, mfupi, mwenye masikio ya kusikia hata yasiyomhusu, akisuka viondo tangu asubuhi, kamba akiisokota juu ya paja. Jumapili moja aliniita mbele ya nyumba akaniambia nimweleze hisa ni kitu gani. Nikamweleza nikidhani nitamchosha. Aliuliza maswali mazuri kuliko wanaume wa Kitui waliokuwa wakinisumbua dukani. Aliuliza kama mwenye hisa anaweza kuuza nusu. Nikasema anaweza. Aliuliza kama kampuni inaweza kufa kabisa. Nikasema inaweza, ila hii haitakufa. Hakubisha. Alisokota kamba yake, kisha akaniuliza:

"Huyo kijana anangoja nini?"

"Bei ipande, Susu."

"Na wewe unangoja nini?"

"Namngoja yeye."

"Yeye anangoja bei, wewe unamngoja yeye. Kwa hivyo mwanangu anaolewa na bei."

Nilikasirika. Nikamwambia subira huvuta heri. Akaniambia chelewa chelewa utampata mwana si wako. Nikamwambia mvumilivu hula mbivu, akaniambia ngoja ngoja huumiza matumbo. Basi nikacheka kwa dharau, nikasema methali zetu hazifai kitu, zinapigana zenyewe kwa zenyewe. Susu aliweka kiondo chini. Ni mara chache sana nilimwona akikiweka chini.

"Hazipigani," alisema. "Zote ni za kweli. Kazi yako ni kujua ya leo ni ipi."

Niliinuka nikaenda kwenye mazoezi ya kwaya nikaimba kwa sauti kubwa, kama mtu aliyeshinda mjadala.

Mara ya pili Kioko aliponiomba, mvua ilikuwa imekosa. Unajua kiangazi cha kule kusini kinavyokuwa. Watu wa Ikutha walikuwa wakiuza mifugo kwa bei ya kutupa kabla haijawafia mikononi. Kioko alikuja na uso wenye furaha ya ajabu, nadhani ndiyo siku niliyomsikia akizungumza zaidi. Akaniambia mbuzi wameshuka bei kuliko hata hisa zetu. Tukiuza hisa chache mno, hata kwa bei mbaya, mbuzi watatu tunao, na Jumamosi ijayo yeye na mjomba wake watakuwa Migwani. Kwaya na tangi vingoje, vina miguu gani ya kukimbia?

Nilifikiria, mwanangu. Usidhani sikufikiria. Niliwaona wale mbuzi wa kiangazi, mbavu nje, wakiingia kwetu mbele ya watu waliokwisha kuahidiwa makubwa. Niliwaona shangazi zangu wakitazamana. Kwetu Ukambani mtu anaweza kusamehe umaskini, lakini mbuzi aliyekonda wa ntheo huzungumzwa mpaka kwa wajukuu. Nikasema tungoje mvua, mbuzi wanenepe na hisa zinenepe. Kioko aliinuka kwenye kiti. Halafu akasema, "Sawa, Mwende. Wewe ndiye unajua." Hakusema kwa ubaya. Laiti angesema kwa ubaya, huenda ningebisha, na katika kubishana tungefika mahali.

Mvua zilipoanza kunyesha alipatwa na homa akiwa kazini. Wenzake walidhani ni malaria kama malaria nyingine. Walipoona haipungui walimpeleka hospitali ya karibu na kwao Makueni. Habari zilinifikia kwa simu ya mwenye duka, nikaondoka na nguo nilizokuwa nimevaa. Nilimkuta saa ya kuwaona wagonjwa. Alikuwa amekonda, macho makubwa, na mikono yake, Mumbua, haikunuka grisi. Nilijua hapo hapo kwamba mambo ni mabaya.

Mama yake alikuwa ameketi upande ule mwingine wa kitanda. Kioko alinishika vidole, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Zimefika ngapi?" Nikasema sijaangalia leo. Akatabasamu. Tulikaa hivyo mpaka kengele ikapigwa na nesi akasema wanaobaki ni watu wa familia. Mama yake akabaki, mimi nikatoka. Nililala kwa mama mmoja wa kanisa letu aliyeolewa karibu na pale, na asubuhi nilipofika langoni nikamwona mama yake ameketi chini kwenye nyasi, leso imemwanguka kichwani, na hakuna aliyehitaji kuniambia neno.

Nilikwenda kwa mazishi siku moja mapema. Nilimenya viazi na wanawake wa kijiji, nikachota maji, nikapanga vikombe. Hawakunitenga, sikiliza, sitaki uwadhanie vibaya watu wa Makueni. Walinikaribisha vizuri kabisa, kama mgeni. Wakati wa kutupa udongo, mchungaji akaita watu wa nyumba. Mama yake, kaka zake, dada yake. Miguu yangu ikaenda pamoja nao. Shangazi yake mmoja akanishika kiwiko, polepole sana, akaninong'oneza, "Ngoja, mama. Hiyo ni ya wenyewe."

Alikuwa amesema kweli. Hapakuwa na mbuzi hata mmoja wa kumsuta. Nikarudi nyuma. Baadaye waliitwa marafiki na mafundi wenzake, lakini vijana walikuwa wameshaanza kazi na makoleo na watu wakasongamana, nami sikufika. Nilirudi Kitui mikono yangu ikiwa safi, na usafi ule niliuchukia.

Kisha kampuni ile ikapona. Ilitengeneza mitambo yake, ikapata mkuu mpya, na ile kampuni kubwa iliyotisha watu ikaja ikaondoka. Bei ilianza kupanda polepole, halafu kwa mbio, ikapita pale tulipochekea, ikaenda juu mahali ambapo hata mimi mwenye imani sikuwa nimepaota. Wanaume wa Kitui waliouza kwa hofu walikuja dukani kunipongeza. "Mwende, ulituambia." Niliwaambia asanteni. Walipotoka nilikitazama kile kiti. Ningetoa hisa zote za dunia aingie tu, akipanguse, aketi, anyamaze. Nasema hivyo leo nikiwa mama mzee, na hamu yenyewe haijazeeka hata kidogo. Hunijia nikianika nguo, nikiwa kanisani katikati ya wimbo, mahali popote. Nimeacha kupigana nayo.

Miaka miwili ilikuwa karibu kuisha Mama Kioko alipofika kwetu Migwani. Alikuja na mjomba wa Kioko, na mbele yao mbuzi watatu. Majike wawili na dume moja, wanene, wanang'aa. Baba yangu alidhani wamepotea njia. Mama Kioko akaketi, akanywa maji, akaeleza. Usiku wa mwisho hospitalini mwanawe alimwambia auze zile hisa apeleke mbuzi Migwani. Yeye hakujua hisa zinauzwa wapi. Zilikuwa kwa jina la Kioko, na sheria ilimzungusha kwa chifu, kortini, na kwa chifu tena. Zilipofika mikononi mwake aliuza chache tu akanunua wanyama wale. Zilizobaki alisema ni nyingi kuliko anavyoweza kuelewa, na haraka ya kuzielewa hana.

Wazee wakabishana pale uani jioni nzima. Mmoja akasema ntheo haiwezi kuletwa na maiti. Mwingine akasema mama mzazi anaweza kusimama mahali pa mwanawe, mila inamruhusu. Baba yangu alikuwa na wasiwasi wa kanisa, tena alikuwa na wasiwasi juu yangu, msichana ambaye hajafika hata miaka thelathini. Mwisho akasema wasinisemee, niulizwe. Nikaitwa. Kabla sijafungua mdomo, Mama Kioko akaomba kusema.

"Mwende, sikuja kukufunga," akasema. "Ukitaka kuolewa kesho, olewa, mimi nitakuja na kuku. Nimekuja tu juu ya ile siku ulirudishwa nyuma. Niliona. Na nilinyamaza."

Nilikwenda nikashika kamba ya lile dume, nikampa baba yangu mkononi. Kwa wazee hilo lilitosha.

Susu alikuwa hai bado, macho yamefifia, akasaidiwa kutoka nje. Aliwapapasa wale mbuzi mmoja mmoja, mgongo na mbavu. Nilingoja aniseme, maana alikuwa na haki. Hakunisema. Aliomba apewe nyama laini, kwa kuwa meno yamekwisha.

Juma lililofuata nilikwenda Makueni. Nyasi zilikuwa zimeota juu yake na ardhi ilikuwa imekauka, ikawa ngumu. Mama Kioko alichukua jembe, akaichimbachimba pembeni, akanijaza kiganja. Nikautupa ule udongo juu ya nyasi. Ilikuwa ni kitu kidogo tu. Watu wawili, jembe moja, hakuna mchungaji wala wimbo. Lakini nilipotoka pale nilikuwa mtu mwenye mahali, na nikalia kama mke anavyolia, kwa sauti, bila kuomba ruhusa ya mtu. Sikuolewa tena. Walikuja watu, na mmoja alikuwa mzuri kweli. Nilimwambia ukweli kwamba masikio yangu bado yanasikiliza mlango mwingine, akaelewa, akaoa mwalimu wa Mwingi.

Sasa nirudi kwako. Niuze ama nishikilie? Nimeitazama kampuni yako, usidhani sijaitazama. Uzee haujanikataza kusoma. Kazi yake naiona ni ya kweli. Wateja wake hawajaikimbia. Huku kushuka kwa sasa mimi nakuona ni pepo za kupita, na kama ungeniuliza kama mwenye hisa mwenzangu tu, ningekuambia shikilia. Huenda nikawa sahihi. Nimewahi kuwa sahihi.

Lakini mama yako alinipigia simu jana. Hakujua kwamba tumezungumza. Aliniambia zile pesa mlizochanga za kumtoa mtoto wa jicho umeziweka pamoja na zako kwenye hisa zile, ili zizae apelekwe hospitali nzuri zaidi, macho yote mawili kwa pamoja. Akasema bei imeshuka lakini hakuna haraka, anaona bado, anaona kiasi. Halafu akanichekesha, akaniambia asubuhi amesimama langoni akimkaribisha mgeni kwa heshima zote, aingie anywe chai, kumbe ni punda wa jirani aliyebeba maji. Yeye alicheka. Mimi nilicheka naye mpaka simu ikakatika, kisha nikakaa chini.

Mwanangu, anayekupenda hawezi kukuambia ana haraka. Kioko hakuniambia. Mimi mwenyewe sikumwambia Kioko. Kila mmoja alikuwa akimrahisishia mwenzake, na katika kurahisishiana huko siku zikapita. Kwa hiyo kabla hujauliza bei imefika wapi, uliza pesa hii inangojewa na nani. Ile isiyongojewa na mtu yeyote, ishikilie. Ivumilie ikianguka, usiifungulie simu kila asubuhi, wape wenye hofu nafasi ya kupita. Ndiyo subira inayovuta heri. Lakini pesa ambayo kuna mtu ameketi mahali akiingoja, hiyo haijawahi kuwa ya kupanda na kushuka. Ilikopeshwa tu kwa soko na wewe, na ni juu yako kuirudisha.

Basi kesho asubuhi uza zile za macho ya mama yako. Uza kwa bei utakayoikuta, hata ikiwa mbaya, hata wenzako wakikucheka, hata kama wiki ijayo zitapanda mpaka juu. Zikipanda utaumia, sitakudanganya. Njoo kwangu tuumie pamoja, nitapika chai. Zikibakia pungufu, kiasi kitakachokosekana nitatoa mimi. Jicho moja kwanza likitosha, liwe moja kwanza. Zilizo zako, mwanangu, shikilia, na Mungu akuongoze nazo.

Nakubariki. Mungu akupe mali, na akupe watu wa kula nawe mali hiyo wakiwa hai. Akupe moyo wa kungoja panapofaa kungojewa, na miguu ya kukimbia pasipofaa. Usije ukashikwa kiwiko mahali palipo pako. Na siku daktari atakapomfungua mama yako ile bandeji, uwe umeketi mbele yake, karibu kabisa, uso wako uwe wa kwanza kuuona.